Unalipia Mtambo au Unalipia Saa za Kukaa Mbele Yake?

Matangazo ya kozi za ufundi sauti yanafanana: miksa kubwa yenye taa za rangi, kijana kavaa hedifoni, vidole vyake juu ya feda, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti. Kabla hujatoa hata pesa ya fomu, uliza kitu kimoja. Vidole hivyo vitakuwa vyangu kwa dakika ngapi kwa wiki?

Piga hesabu ya mfano. Chuo kina studio moja, darasa lina wanafunzi 30, na studio hufunguliwa kwa mazoezi saa sita kwa wiki. Gawanya: kila mmoja ana dakika 12. Muhula wa wiki 12 ukiisha, umekaa kwenye meza ya miksa saa mbili na dakika 24, karibu muda wa fainali moja ya mpira iliyofika kwenye penalti. Mwenzako anayejifunza kwenye kituo kinachorusha taarifa ya habari ya saa nzima kila siku ya kazi anazipata saa hizo kwa jioni tatu. Namba hizi ni za kufikirika, lakini za kwako halisi utazipata kwa maswali matatu kwenye ofisi ya usajili: mko wangapi darasani, studio inafunguliwa saa ngapi, na wakati wa mazoezi anayeshika meza ni mwanafunzi au mwalimu? Ukishajua saa, gawanya ada kwa saa hizo. Chuo cha bei nafuu kinaweza kugeuka ghali mno, na cha ghali kikawa nafuu.

Ninang'ang'ania saa za meza kwa sababu habari si muziki. Anayerekodi wimbo akiharibu, anarudia. Taarifa ya habari hairudiwi. Ndani ya nusu saa fundi hufungua na kufunga maiki za watangazaji wawili, huingiza ripoti iliyorekodiwa ufukweni huku upepo ukivuma, hurudi studio, humpokea mwandishi aliye mkoani kwa simu, kisha humpokea mgeni ambaye hajawahi kubandikwa maiki maishani, na ambaye sauti yake hunywea mara swali linapokuwa gumu. Wakati huohuo sikioni mwa fundi kuna dairekta anayehesabu kurudi nyuma na prodyuza anayebadilisha mpangilio wa habari. Vitufe vya miksa mtu mwerevu huvielewa kwa wiki chache. Kuvitumia huku watu wawili wanakusemesha ni jambo jingine, na hilo ndilo linalokula muda na pesa.

Kuna mambo mawili ya kumpimia mwalimu, nawe unaweza kuyauliza siku ya kutembelea chuo hata kama hujui lolote kuhusu mitambo. La kwanza ni mavazi. Mwambie akuonyeshe jinsi ya kumvalisha maiki ndogo ya kubana mtangazaji mwenye mtandio, mwenye kitenge kilichokauka kwa wanga, au mwenye shanga shingoni. Nguo ikisugua maiki, watazamaji wanasikia mkwaruzo, na hakuna kitufe kinachoweza kuuondoa wote baadaye. Fundi mzuri anajua pa kuibana, namna ya kuukunja waya kitanzi ili mtikisiko usipande, na namna ya kumgusa mtu mavazi yake kwa heshima, akiomba ruhusa au akimwita mwenzake wa kike afanye kazi hiyo. Mwalimu anayeruka yote haya na kuanza na kompresa, kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti, anafundisha studio ya muziki kwa jina la habari.

La pili ni mtu wa simuni. Mwandishi aliye nje ya studio anahitaji kusikia kinachoendelea hewani, lakini asisikie sauti yake mwenyewe ikimrudia. Akijisikia, na sauti hiyo imechelewa njiani, ulimi unamkwama. Wote tumeona hewani mtu akisema "haloo, haloo, najisikia mwenyewe" mpaka mtangazaji akaomba radhi na kuendelea. Dawa yake ni kumtengenezea mchanganyiko wa peke yake wenye sauti zote isipokuwa ya kwake. Muulize mwalimu: wageni wawili wakiwa kwenye laini mbili tofauti, michanganyiko hiyo inakuwa mingapi? Jibu ni miwili, kwa kuwa kila mmoja lazima amsikie mwenzake asijisikie yeye. Akijibu bila kusita na kukuonyesha mezani, umempata mwalimu.

Sasa tuje kwenye vyuo vyenyewe. Kwa Kenya, jina la kwanza kutajwa ni KIMC, Kenya Institute of Mass Communication, kilichopo South B jijini Nairobi. Kilianza mwaka 1961 kwa kufundisha mafundi wa utangazaji, na hadi leo upande wa ufundi unasimama pamoja na ule wa uandishi. Hilo lina uzito, maana vyuo vingi vyenye neno "mawasiliano ya umma" kwenye jina lao hufundisha watangazaji na waandishi, na sauti hupewa vipindi vichache tu. Soma orodha ya masomo, usisome jina la kozi. Ikiwa kati ya masomo yote ya mwaka mzima sauti ni somo moja, utatoka na cheti cha habari, na meza utaijulia kazini. Upande wa binafsi jijini humo kuna Africa Digital Media Institute, yenye kozi ya uhandisi wa sauti. Vyuo vya aina hii huwa na vifaa vipya zaidi na ada kubwa zaidi, na mkazo mara nyingi unaelekea kwenye muziki na filamu. Kwa anayetaka milango mingi hiyo ni faida. Kwa aliyekwisha kuamua kuwa anataka habari, sehemu ya ada inalipia mambo ambayo hatayatumia.

Kwa Tanzania, ningeangalia kwanza vyuo vyenye kituo chao kinachokwenda hewani. Shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina Mlimani TV na redio ya Mlimani. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Mwanza, kina redio yake. Studio ya mazoezi isiyorusha matangazo hukuachia tabia mbaya ya kusema "tuanze tena", na tabia hiyo haina mahali pa kukaa kwenye studio yenye watazamaji. Hata redio ndogo ya chuo inakufundisha kuogopa ukimya na kutazama saa, mambo mawili ambayo televisheni itayadai. Upungufu wake ni kwamba shahada huchukua miaka mitatu, na unayeitaka meza pekee utapita kwanza kwenye nadharia nyingi za mawasiliano. Usiidharau nadharia hiyo. Fundi asiyejua habari inajengwaje hushindwa kukisia nani atazungumza baadaye, na kukisia ndiko kunakofanya maiki ifunguke kabla ya neno la kwanza badala ya baada yake.

Ada sitaandika kwa sababu hubadilika kila mwaka wa masomo, na karatasi ya mwaka jana ni mtego. Chukua karatasi ya mwaka huu, halafu uliza visivyoandikwa humo: ada ya matumizi ya studio, mtihani, kitambulisho, usafiri wa mafunzo ya nje, na kama kompyuta mpakato ni lazima. Kozi fupi za wiki chache mijini huvutia kwa sababu zinalipika kwa mkupuo mmoja. Nyingine ni nzuri. Nyingi humaliza kwa kukuonyesha kila kifaa mara moja na kukupiga picha ukiwa umekishika.

Kuna njia isiyo na ada kabisa, nayo ni intaneti, ila lazima ujue inachoweza na isichoweza. Behringer X32, miksa ya kidijitali ya njia 32 iliyotoka mwaka 2012 na iliyoenea katika makanisa, kumbi na vituo vidogo vya televisheni, ina programu ya bure ya kuiendesha kwa kompyuta iitwayo X32-Edit. Programu hiyo inafunguka hata kama miksa yenyewe huna. Sauti haitapita, lakini kila ukurasa, kila njia ya kupeleka sauti na kila mpangilio wa kuhifadhi vimo humo, na unaweza kujifunza mpaka ukifika mbele ya meza halisi mkono ujue pa kwenda. Yamaha nao wanatoa bure programu za aina hiyo kwa miksa zao za TF na QL. Kampuni ya Audinate ya Australia, iliyobuni mfumo wa Dante wa kusafirisha sauti kwa waya wa mtandao, inatoa mafunzo na vyeti vyake mtandaoni bila malipo. Cheti hicho kitakugharimu bando la data na jioni kadhaa, na kwenye barua ya maombi ya kazi kinaonekana vizuri kuliko kozi nyingi za kulipia. Ongeza OBS Studio, programu ya bure ya kuunganisha picha na sauti, na Reaper, ya kurekodi na kuhariri sauti, ambayo leseni yake ya bei ya chini ni dola 60 baada ya siku 60 za kujaribu. Hapo una chumba cha mazoezi mezani kwako.

Humo pia utajifunza kupima ukubwa wa sauti inavyotakiwa. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulitoa mwaka 2010 pendekezo la R128 linalotaka kipindi kizima kiwe na wastani wa LUFS -23 (LUFS ni kizio cha ukubwa wa sauti), na Marekani hutumia kipimo kilicho karibu sana na hicho, -24. Anayeshinda na rimoti mkononi huku matangazo ya biashara yakimpasua masikio katikati ya habari anajua kwa nini kipimo hiki kipo. Vipimo vya bure vya LUFS vinapatikana, na fundi mchanga anayekuja kwenye usaili akiwa na namba hizo kichwani hujitofautisha mapema.

Kisichopatikana kwenye skrini ni mtu anayekulalamikia. Ndiyo maana mafundi wengi wa ukanda wetu walianzia kanisani, na nasema hili bila mzaha: kwa mtu asiye na ada, meza ya kanisa kubwa ndiyo shule yenye bei nzuri kuliko zote. Ibada ni matangazo ya moja kwa moja. Kuna wazungumzaji wasiotulia mahali pamoja, kwaya inayoingia bila taarifa, maiki zisizo na waya zenye betri zinazokufa, na siku hizi kuna kurusha mtandaoni, hivyo unalazimika kutengeneza mchanganyiko wa ukumbini na mwingine wa watazamaji. Jumamosi mazoezi, Jumapili ibada mbili au tatu. Saa zinajaa. Kasoro yake ni kwamba ukumbi hukuzoesha sauti kubwa na mwangwi, wakati studio ya habari ni chumba kikavu ambamo pumzi, kiti kinachokoroma na feni ya kiyoyozi vyote vinasikika. Anayetoka kanisani huhitaji muda wa kujifunza kushusha mkono. Muziki wa harusi ni shule ya namna hiyo pia, ila wenye spika hawapendi kumwachia mgeni mitambo yao, na wana sababu.

Na kituo chenyewe? Mafunzo ya vitendo kituoni Kenya wanayaita atachimenti, Tanzania fildi, na wapo wanaokaa kwa kujitolea tu bila barua ya chuo chochote. Hapa ndipo saa za meza ni nyingi kuliko kwingine. Vituo vya Kenya kwa kawaida vina taarifa ya Kiswahili saa moja jioni na ya Kiingereza saa tatu usiku, maana yake kila jioni kuna mizunguko miwili ya kutazama na, ukiaminika, kushika. Tanzania taarifa kuu ni saa mbili usiku. Ada ni sifuri au karibu na sifuri. Lakini kujitolea kuna bei inayolipwa polepole: miezi ya nauli na chakula bila mshahara, kwa ahadi ya "nafasi ikitokea". Nionavyo mimi, miezi mitatu inatosha kujua kama unafundishwa au unatumiwa. Ukifika mwezi wa tatu bado kazi yako ni kukunja waya na kubadilisha betri, hakuna atakayekukalisha mezani mwezi wa tano. Kukunja waya ni kazi halali, tena waya uliokunjwa vibaya huvunjika ndani na kuleta mivumo hewani, ila somo hilo haliwezi kujaza nusu mwaka.

Mara chache hutokea pia mafunzo ya bure. Mwaka 2018 MultiChoice, kampuni ya televisheni ya kulipia, walianzisha mafunzo ya Talent Factory, ya miezi 12, bila ada, Nairobi ikiwa kituo cha Afrika Mashariki. Yalilenga filamu na vipindi zaidi ya habari, na nafasi zilikuwa 20 tu kwa kila kituo. Milango ya namna hiyo hufunguka na kufungwa, hivyo mpango wako usiegemee mmoja wao.

Vifaa vya kununua? Vichache. Hedifoni kwanza, na si za kusikilizia muziki zinazoongeza mdundo. Sony MDR-7506 zimekuwa masikioni mwa mafundi wa utangazaji tangu mwaka 1991 na bei yake huko nje ni dola 100 hivi. Kwa kuagiza, weka juu yake usafiri, ushuru na VAT, ambayo Kenya ni asilimia 16 na Tanzania bara asilimia 18. Za bandia zimejaa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi; nyingine zina boksi zuri kuliko la kweli. Nenda na simu yenye rekodi ya sauti ya mtu unayemjua vizuri, isikilize dukani. Kama sauti ya mama yako imekuwa nzito ghafla, rudisha.

Miksa yako mwenyewe inaweza kusubiri. X32 mpya ni kiasi cha dola 2,000 kabla ya gharama za kuifikisha, na nyumbani utaitumia kwa maiki moja. Ukitaka sana meza ya kuguswa, tafuta miksa ndogo ya analogi, hata ya mtumba, yenye tokeo la ziada lile mafundi wanaloliita oksi. Kwa tokeo hilo moja unaweza kujizoeza kumtengenezea mtu wa simuni mchanganyiko usio na sauti yake: pandisha kila njia kwenye oksi, ya kwake iache chini, na mpelekee yeye tokeo hilo. Maiki mbili za waya na waya mzuri wa XLR zinatosha. Usiokoe pesa kwenye waya. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake ukiingia kwenye waya mbovu au kwenye mitambo miwili iliyochomekwa soketi za mistari tofauti, utautafuta usiku kucha.

Maiki zisizo na waya ndizo hatari kubwa kwa mnunuzi wa mtumba. Zinakuja nyingi na kwa bei ya kushangaza, na kuna sababu. Masafa ya MHz 694 hadi 862, ambako maiki nyingi za zamani zilifanya kazi, katika ukanda wetu yametengewa mitandao ya simu, baada ya mikutano ya kimataifa ya masafa ya miaka ya 2007 na 2015. Maiki hiyo dukani itafanya kazi vizuri, kisha siku ya kazi mnara wa simu ulio karibu utaizidi nguvu. Ipindue, soma kibandiko cha masafa nyuma yake, na kama namba ziko humo iache hata akikupa kwa nusu bei. Zile ndogo za GHz 2.4 zinazobanwa kwenye shati ni nafuu na zinafaa kwa mahojiano ya barabarani, lakini hugombania njia na Wi-Fi. Kwenye studio iliyojaa simu za wafanyakazi sitaziamini kwa mgeni wa heshima.

Kuna jambo moja la mbele ambalo linagusa uamuzi wa leo. Katika nchi tajiri studio nyingi za habari zimeanza kuendeshwa na mifumo kama Ross OverDrive na Viz Mosart, ambamo kamera ikibadilika maiki nayo hufunguka yenyewe kwa mpangilio ulioandikwa kabla. Kwa midahalo ya watu wengi, teknolojia iliyobuniwa na Dan Dugan tangu miaka ya 1970 hugawa nguvu kati ya maiki zilizofunguliwa bila mkono wa mtu, na sasa imo hata ndani ya miksa za bei ya kati. Kwetu meza bado zina watu, hasa kwa sababu mitambo hiyo ni ghali na mpangilio wa habari hubadilika mpaka dakika ya mwisho. Bado, kama unachagua kati ya kozi ya tatu ya kuendesha feda na kozi ya mitandao ya kompyuta, chukua ya mitandao. Fundi anayeweza kufuatilia sauti ilikopotelea ndani ya waya wa mtandao atabaki chumbani baada ya feda kuanza kujisogeza zenyewe.

Gharama ya mwisho haimo kwenye karatasi yoyote ya ada. Taarifa ya saa tatu usiku ikiisha, ukikusanya maiki na kuandika daftari la zamu, unatoka nje inakaribia saa nne na nusu. Daladala na matatu zimepungua, bodaboda wanapandisha bei, na kwa binti anayerudi peke yake hilo si suala la nauli pekee. Kwa mwezi mmoja usafiri wa usiku unaweza kuzidi kila kitu ulichookoa kwa kukwepa ada ya chuo. Vituo vingi vina gari la zamu la kuwarudisha wafanyakazi majumbani. Kabla hujasaini barua ya fildi, uliza kama linawabeba wanafunzi pia au waajiriwa tu, na linafika mtaa wako au linaishia barabara kuu.